Likizo ya Agosti: Mimi na mke wangu tulivyoyafuata maji yetu hadi Ukambani

Sisi watu wa Pwani tukifunga safari huwa pana sababu: arusi Lamu, maziko Tanga, mgonjwa Nairobi, au Umra kwa aliyejaaliwa. Kusafiri kwa ajili ya kutembea tu tumewaachia wageni. Agosti ikiingia Waitaliano wanajaa Malindi na Watamu, mtu na mkewe, wanatembea ufuoni jioni, nasi tunawauzia madafu.

Agosti iliyopita mimi na mke wangu tuliwaacha watoto kwa bibi yao tukapanda treni kwenda Kibwezi, na kutoka hapo Kitui. Siku nne. Jamaa walituuliza, "Huko Ukambani kuna nini zaidi ya ukame?" Makala haya ni jibu lao, na jibu lenyewe linahusu mfereji ulioko jikoni kwako.

Kwanza njia. Treni ya SGR ya kupanda ni ile ya asubuhi inayosimama vituo vya kati: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, kisha Kibwezi. Ukifika Mtito Andei umeshaingia kaunti ya Makueni. Tazama upande wa kushoto. Utaona safu ndefu ya vilima vya kijani, vingine vimechongoka kama chungu kilichofunikwa. Hivyo ni vilima vya Chyulu, vilivyotokana na volkano, na kilele chao kinapita mita 2,100.

Cha ajabu ni kwamba Chyulu wanapata mvua na ukungu mwingi, lakini hakuna mto hata mmoja wa kudumu unaoteremka kutoka juu. Maji yote yanazama. Jivu na mawe ya volkano yana matundu kama sifongo, hivyo mvua hupenya chini, ikasafiri gizani na kuchujwa, halafu ikatokeza upande wa kusini kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Kutoka Mzima bomba lililojengwa miaka ya 1950 linayaleta maji hayo Mombasa, mwendo wa kilomita kama 220. Ukiwa na bahati mfereji wako ukatoa maji leo, huenda unakunywa mvua iliyonyesha juu ya vilima vile.

Kwa hiyo msitu wa Chyulu ukikatwa kwa makaa au ukichomwa kwa ajili ya malisho, anayepata hasara si mkaazi wa Kibwezi peke yake. Pasipo miti ya kunasa ukungu na kuituliza mvua, maji yanayozama hupungua. Magunia ya makaa tumeyaona yakiuzwa kando ya barabara ya Mombasa miaka yote. Kitui walifika kupiga marufuku biashara ya kuyatoa makaa nje ya kaunti mwaka 2018, na makelele yaliyofuata tunayakumbuka. Mimi ni mpenzi wa mishikaki, na sasa najua makaa yangu yana deni.

Kutoka Kibwezi kwenda Kitui siku hizi ni lami, unapitia Ikutha na Mutomo. Kabla ya hapo unauvuka mto Athi, ambao ndio mpaka wa Makueni na Kitui. Nilimwomba dereva wa matatu apunguze mwendo, abiria wakanishangaa. Mto huo ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Ni ule ule unaomwaga tope kaskazini ya Malindi mpaka bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Wageni wetu wa Italia hulalamika juu ya rangi hiyo. Lile tope ni shamba la mtu. Ni udongo wa juu wa Ukambani na wa maeneo mengine mto unakopita, unaochukuliwa na mvua, ukatua juu ya matumbawe yetu ambako samaki huzaana. Na visima vya Baricho, vinavyolisha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa, viko kando ya mto huo huo.

Karibu na Mutomo tulilala kwa rafiki yangu tuliyesoma naye diploma. Yeye ndiye aliyetuonyesha jinsi Wakamba wanavyopambana na jambo hili. Mito yao mingi ni ya msimu: wiki chache za mafuriko, kisha mchanga mkavu. Wanajenga ukuta wa saruji na mawe kuukata mto kwenye mwamba. Mafuriko yanakuja na mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani ya mchanga. Jua haliyafikii, hayakauki upesi, na mbu hawapati pa kuzalia. Mwezi wa Agosti, juu pakavu kabisa, tuliona akina mama wakichimba kwa mikono na maji yakipanda. Mke wangu aliyaonja akasema, "Haya yanashinda ya bowza letu." Mashambani wanachimba mitaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, wakaita matuta hayo "fanya juu". Makueni nao walitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, kwa sababu malori ya wajenzi yakiubeba, mto unabaki bila ya ghala.

Kitui mjini tulipanda mwamba wa Nzambani kwa ngazi za chuma. Wenyeji husimulia kwamba ukiuzunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Mke wangu alisema yuko tayari, ilimradi nami nikaonje kupika futari mwezi mzima. Hatukuzunguka.

Historia nayo iko. Kivoi wa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Pwani kabla ya reli kuwazwa. Krapf, mmishenari wa Rabai, alimfuata Kitui, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona Mlima Kenya akiwa huko. Yaani jina la nchi yetu lilipitia vinywani mwa Wakamba waliokuwa wakifanya biashara na babu zetu. Walikuja kwetu kwa miguu. Sisi tunawapita tukiwa tumelala kwenye basi la usiku.

Chakula kisiwatie hofu. Miji ya barabara kuu ina misikiti na mahoteli ya Waislamu, nasi tulikuwa tukisali kasri. Mwenyeji wetu alitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa maharagwe, na mbaazi. Zile mbaazi tunazokula na mahamri asubuhi, nyingi hulimwa huko. Tulizikuta zikianikwa uani. Tukirudi tulipumzika Makindu kwenye hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926. Wanampa kila msafiri chakula bure, wala hawaulizi dini. Hakuna nyama, kwa hivyo suala la kuchinjwa halipo: unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa dengu, chapati na chai. Kuna watakaoninunia kwa kula pale. Mimi niliiona ni karama ya jirani, nikasema alhamdulillahi nikaosha sahani yangu.

Tulipofika nyumbani usiku, mfereji ulikuwa hauna maji. Mke wangu akafungua mtungi, akanipimia kikombe kimoja cha udhu, akasema hicho hicho kitoshe mpaka viungo vyote.