MTOTO ASIYEITIKA JINA LAKE: NJIA YA KUMFIKISHA KWA MUNGANGA ANAYEJUA



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu vya chuma, vumbi la mawe na mikono inayokatwa na mashine. Leo tunasema juu ya jambo linaloanza nyumbani, lakini linaingia kazini pamoja na baba. Mtu ambaye hakulala usiku kwa sababu ya mtoto, na asubuhi anakumbuka maneno ya majirani, hatazami vizuri mahali anapoweka mguu. Kapita anaweza kumpa kofia mpya, lakini kofia haiondoi wasiwasi ule.

Tuseme hivi. Mfanyakazi mmoja ana nyumba Mangobo, mjini Kisangani. Mtoto wake wa kiume ana miaka 3. Alikaa na kutembea kwa wakati wake, lakini hasemi. Ukimwita haitiki; ukiwasha redio chumba cha pili anaikimbilia. Tangu asubuhi anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, na mtu akisogeza kimoja analia saa nzima. Bibi yake mzaa baba anasema: «Tungoje, hata baba yake alichelewa kusema.» Jirani anasema kuna mkono wa mtu. Katika chumba cha maombi wanataka mtoto afunge chakula siku tatu. Mama peke yake anasema: «Mimi nataka munganga.» Lakini munganga yupi? Nani anamtuma, kwa karatasi gani, na nani analipa? Hayo ndiyo maswali ya leo.

HALI HIZI NI NINI?

Kuna watoto ambao ubongo wao umekua kwa njia nyingine tangu mwanzo. Hali ya kwanza inaitwa usonji. Waganga wetu wanasema otizimu. Mtoto wa namna hii ana taabu katika kusema na katika kushirikiana na watu, anarudia jambo moja mara nyingi, na mabadiliko madogo yanamsumbua. Munganga Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 huko Marekani, akiwa amechunguza watoto 11. Sio ugonjwa wa wazungu. Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nayo.

Hali ya pili ni ya kukosa utulivu na umakini. Mtoto hawezi kukaa, anaanza kazi kumi bila kumaliza moja, anakata maneno ya wengine, anasahau kaye na kalamu kila siku. Watoto wote hufanya hivyo mara moja moja. Waganga wanaiita hali hii kwa jina lake ikiwa alama zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na masomoni pia. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, hiyo ni habari nyingine.

Hali hizi mbili hazitoki kwa malezi mabaya, wala kwa chanjo, wala kwa ulozi.

ALAMA ZA KUTAZAMA

Mpeleke mtoto dispansari bila kungoja ikiwa:

1. Amefika miezi 12 na hatoi sauti za kitoto za ba-ba na da-da, haonyeshi kitu kwa kidole, hapungi mkono wa kwaheri.
2. Amefika miezi 16 na hana neno hata moja.
3. Amefika miaka 2 na hajui kuunga maneno mawili, kama «mama maji».
4. Alikuwa anasema au anacheza na watu, kisha ameacha. Hii ni alama kubwa kwa umri wowote.

Wazee wanasema mtoto wa kiume huchelewa. Wako wanaochelewa na kufika, ni kweli. Lakini ukienda kwa munganga na mtoto akaonekana mzima, umepoteza asubuhi moja. Usipoenda, na mtoto ana shida, umepoteza miaka ambayo angejifunza vizuri zaidi.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Twaa kaye. Andika tarehe, na kile ulichokiona kwa macho. Usiandike «ni mtoto mbaya». Andika: «Jumatatu nimemwita mara tano, hakugeuka. Ameshika mkono wangu na kuupeleka kwenye kikombe, lakini hakunitazama.» Wiki mbili za kuandika hivi zinamsaidia munganga kuliko saa nzima ya kukumbuka mbele ya meza yake. Ikiwa mtoto anasoma, omba mwalimu naye aandike mistari michache.

Andika pia habari za kuzaliwa: je, alilia mara moja? Je, macho na ngozi vilikuwa vya manjano sana? Je, amepata malaria kali na degedege, au homa ya uti wa mgongo? Je, alipigwa sindano za kwinini au jentamisini? Dawa hizo zinaokoa maisha, lakini mara nyingine zinagusa masikio.

Neno moja kwa jamaa zenye watu wanaotafuta dhahabu. Ikiwa nyumbani kwenu, au karibu, wanachoma dhahabu yenye zebaki, mwambieni munganga. Moshi wa zebaki unaharibu ubongo wa mtoto, na zaidi wa yule aliye bado tumboni. Watu wa Minamata, Japani, walijifunza hatari ya zebaki kwa machozi tangu mwaka 1956. Zebaki haichomwi jikoni, wala uani, wala mbele ya mama mwenye mimba. Hapo hatuna masamaha.

NJIA YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni dispansari ya kampuni. Kwa jamaa na majirani wasio na kazi ya kampuni, ni kituo cha afya cha kartie. Usianzie hospitali kubwa. Muuguzi atapima uzito, atatazama malaria, upungufu wa damu na chakula cha mtoto. Mwambie wazi: «Nataka mtoto atazamwe kwa habari ya maendeleo yake,» kisha mpe kaye. Usiseme tu «mtoto anaumwa», maana utarudi nyumbani na vidonge vya homa.

Hatua ya pili ni munganga wa kampuni. Yeye ndiye anayeandika karatasi ya kutumwa. Itazame kabla ya kutoka: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, nambari yako ya kazi, sababu ya kutumwa, sahihi na kashe. Sababu iandikwe kamili: hasemi, haitiki jina, tangu lini. Karatasi isiyo na sababu inazaa foleni ya pili. Chukua nakala yake, uiweke nyumbani.

Hatua ya tatu ni hospitali ya rufaa. Hapa Kisangani kila zoni ya afya, yaani Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo na Lubunga, ina hospitali yake ya namna hiyo, na juu yake kuna Kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani. Jambo la kwanza la kuomba ni masikio yapimwe. Mtoto kiziwi haitiki jina lake vilevile, na wengine wamepigwa na kuombewa kumbe hawasikii. Pili, munganga atauliza juu ya kifafa. Mtoto anayekodoa macho kwa muda mfupi na kukatika katika mchezo anaweza kuwa na kifafa kisicho na kuanguka. Katika nchi yetu ya mito na maporomoko, ambako inzi wadogo weusi wanaleta upofu wa mto, kifafa kiko kingi, nacho kina dawa.

Hatua ya nne ni munganga wa akili na mishipa ya fahamu. Ikiwa bado kuna shaka, hospitali inaweza kumtuma mtoto mbali zaidi. Kinshasa kuna CNPP ya Mont-Amba, iliyo ya Chuo Kikuu cha Kinshasa. Bukavu kuna SOSAME, na Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain, vyote viwili vya Ndugu wa Upendo. Munganga ndiye anayechagua mahali, kwa kutazama umri wa mtoto na shida yake. Kwa mto, Kinshasa ni kilometa kama 1,700. Basi msisafiri kabla ya munganga wa hapa kuongea na wa kule na kupata siku ya kupokelewa.

Msishangae kwa urefu wa njia. Huko Uingereza serikali inalipa uchunguzi huu, na mzazi anaanza kwa munganga wa mtaa wake vilevile. Hata hivyo wengi wanangoja zaidi ya mwaka.

NANI ANALIPA?

Sheria ya Kazi ya nchi yetu, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi na ya jamaa yake. Mtoto huyu ni wa jamaa yako. Lakini ofisi inamjua mtoto aliyeandikwa tu. Kwa hiyo:

– Hakikisha hati yake ya kuzaliwa iko katika fishi yako kwenye ofisi ya wafanyakazi. Mtoto anaandikishwa kwa serikali ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Aliyepitisha siku hizo, baba aanze kutafuta hati hiyo leo.
– Safari ya nje ya mji iombwe kwa maandishi kabla ya kuondoka, pamoja na karatasi ya munganga. Ukilipa kwanza na kuomba baadaye, utajibishana bure.
– Ukikataliwa, omba jibu lililoandikwa, kisha umwone mjumbe wa wafanyakazi. Usigombane dirishani.

Kwa yule asiye na mwajiri, gharama inatoka mfukoni mwake, na hilo ni zito. Aulize bei ya kila kipimo kabla hakijafanyika, na aanze na masikio.

WATAMFANYA NINI MTOTO?

Mama wengi wanaogopa sindano na mashine. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha usonji. Munganga anacheza na mtoto, anamtazama, na anawauliza wazazi maswali mengi. Kwa watoto wa miezi 16 hadi 30 kuna orodha ya maswali 20 ya ndiyo na hapana, inayoitwa M-CHAT. Orodha hiyo haitoi hukumu. Inaonyesha tu nani achunguzwe zaidi. Jibuni ukweli, hata kama unauma. Mwende wawili, baba na mama, maana mara nyingi mmoja anaona ambalo mwingine hakuona.

Mkirudi, rudini na karatasi ya majibu, muipeleke kwa munganga wa kampuni. Bila karatasi hiyo yeye hajui aendelee na nini, na ofisi haijui ilipe nini.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Mtu akikuuzia moja, anauza maji. Kuna kazi ya kila siku ya kumfundisha mtoto, na kazi hiyo inaweza kuanza hata kabla ya jibu la Kinshasa. Kaa chini, uso kwa uso naye. Sema maneno machache: «kikombe», «twende», «bado». Akitaka kitu, ngoja kidogo aonyeshe au atoe sauti, ndipo umpe. Fanya kazi za nyumba kwa utaratibu mmoja, na mwambie mapema kitakachofuata. Kwa mtoto asiyetulia, mpe amri moja, akimaliza mpe nyingine. Na masomoni mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha. Fimbo haifundishi ubongo kutulia.

Masomo ya msingi ya serikali hayana malipo tangu mwaka 2019, na sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Mkuu wa masomo akisema «mtoto huyu sio wa hapa», mwonyesheni karatasi ya munganga, mseme naye kwa upole lakini bila kuinuka kitini.

NENO LA MWISHO, NALO NI ZITO

Katika mji wetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu wameitwa walozi. Wengi wanaitwa hivyo kwa kutosema, kwa kucheka peke yao, kwa kuamka usiku. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini. Sala haikatazwi, ombeeni watoto wenu. Lakini kumnyima mtoto chakula, kumfunga au kumtilia pilipili machoni sio sala.

Baba wa Mangobo, karatasi yako inakungoja dispansari. Usingoje likizo ya mwisho wa mwaka. Mtoto hana lugha ya kukuomba. Kaye ya mama yake ndiyo inayomsemea.

MTOTO ASIYESEMA ANA HAKI YA KUSIKILIZWA. ANZA DISPANSARI, SHIKA KARATASI, FUATA NJIA.