Mtoto upande wa kushoto: je, ni kukosa adabu?

Katika mkutano wetu mama kijana mmoja aliyetoka kujifungua alitueleza kwamba nyumbani anakaripiwa kila siku: «Mbona unamshika mtoto na mkono wa kushoto? Hiyo si adabu!» Sisi wote tumefundishwa kwamba mkono huo haupokei chakula wala hausalimii wakubwa. Lakini kumpakata mtoto ni jambo lingine.

Lee Salk, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alimtazama kima mmoja na mtoto wake katika bustani ya wanyama ya New York. Mara 40 kati ya 42, kima yule alimshika mtoto upande wa kushoto. Salk akaanza kuwahesabu wamama hospitalini. Katika wamama 255 wanaotumia mkono wa kuume, 83 kwa mia walimweka mtoto kushoto. Katika 32 wa mashoto, 78 kwa mia walifanya vilevile. Alipowauliza sababu, wale wa kwanza walisema: ili mkono wa kuume ubaki huru kwa kazi. Wa mashoto wakasema: kwa sababu mkono huu ndio wenye nguvu. Majibu mawili, lakini mtoto yuko palepale! Tena, watu waliobeba vifurushi kutoka dukani waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Basi si habari ya mzigo, ni habari ya mtoto.

Watafiti wengine waliwaangalia sokwe na gorila, wanyama ambao misitu yetu ya Kahuzi-Biega inawajua vizuri, wakaona wamama wengi nao wanapendelea kushoto.

Kwa nini? Salk alifikiri ni moyo: mtoto aliusikia ukipiga tangu tumboni, na kushoto anausikia tena. Wengine wanasema ni ubongo: tunayoyaona kwa upande wa kushoto yanafika kwanza upande wa kuume wa ubongo, ule unaosaidia zaidi kusoma uso na hisia. Hivi mama anatambua upesi kama mtoto ana furaha au anateseka.

Jambo moja lilitugusa zaidi. Salk aliona kwamba wamama waliotengwa na watoto wao kwa saa 24 au zaidi baada ya kuzaa hawakuwa na upendeleo huo. Kwa hiyo tunawaomba wakunga na jamaa: ikiwa mama na mtoto ni wazima, mtoto awekwe kifuani mwa mama mapema, wageni wangoje.

Anayepakata kuume naye ni mama mwema. Wako wengi, na mtoto wao anakua vizuri. Tunachokataa ni makaripio. Na ninyi mama wakwe, kabla ya kumgombeza mke wa mtoto wenu, mpokeeni kwanza mjukuu, kisha mjitazame: mmemweka upande gani?