Maziwa Hayaingii Mapafuni

Mzazi akimleta kijana wake kujifunza kuchomelea fremu za pikipiki, huwa nangoja swali lile lile, nalo halikosi: "Mwalimu, atakuwa akinywa maziwa kiasi gani kwa siku?" Haulizi juu ya kioo cha macho. Haulizi kibanda chetu kinapitisha hewa au la. Wapo wanaofika na hesabu kamili, pakiti moja saa nne na nyingine jioni, wakitaka iandikwe kwenye makubaliano pamoja na karo. Na siku hizi swali limezaa: je, amabere amaruranu, yale maziwa ya kugandisha, yanasafisha kifua kuliko maziwa mabichi?

Jibu langu ni kwamba kiasi anachohitaji ni sifuri. Jibu hilo huudhi, hasa huku Gusii ambako maziwa ni heshima ya boma, lakini nimechoka kulizungukazunguka. Unachokimeza hushuka tumboni. Unachokivuta puani huenda mapafuni. Njia hizo mbili huachana kooni, na hapo mwili umeweka kifuniko makusudi ili kimoja kisipotelee kwa kingine. Siku maziwa yatakapofika mapafuni utakuwa umepaliwa, na hutakuwa na hamu ya kuniuliza lolote. Moshi wenyewe ni chembe ambazo nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Hizo hazikwami kooni zikingoja kuteremshwa na glasi ya maziwa. Hupita moja kwa moja hadi kwenye vifuko vya hewa, mahali ambapo damu huchukua oksijeni.

Kuna chembe ya ukweli, nayo niitoe ili nisiambiwe ninaficha. Sehemu ndogo ya vumbi hunaswa na kamasi kwenye njia ya hewa, hupandishwa hadi kooni, kisha humezwa. Hiyo kweli hukutana na maziwa tumboni. Lakini siyo hiyo inayomlaza fundi usiku akitetemeka.

Kinachomtetemesha ni zinki. Pikipiki ya bodaboda huku kwetu hubeba abiria wawili na mikungu ya ndizi, hupanda kutoka mtoni na kushuka tena, barabara ikiwa tope nusu ya mwaka. Bomba la fremu hupasuka pale shokamzoba za nyuma zinapofungwa, au keria hung'oka. Fundi hutazama huku na huku, akaona kipande cha bomba la maji lililobaki kwenye ujenzi, akakikata kiwe kiraka. Bomba la maji limepakwa zinki lisishike kutu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na 1,500. Maana yake kabla chuma hakijaanza kushikana, zinki imeshageuka mvuke. Utaiona: moto unakuwa na rangi ya kijani kibichi, moshi mweupe mzito unapanda, halafu vinyuzi vyepesi kama pamba vinaelea na kutua kwenye mikono ya koti. Kijana aliyeinama juu ya kazi ameshavuta vya kutosha kabla rodi haijaisha.

Wakati huo hasikii kitu. Baada ya saa 4 hadi 10, mara nyingi ameshafika nyumbani, mdomo unaanza kuwa na ladha ya chuma, kiu haikatiki, kichwa kinagonga, baridi inampanda, kisha jasho. Anakunywa maziwa, analala. Kesho yake au kesho kutwa yuko mzima. Maziwa yanasifiwa. Mwenzake ambaye hakunywa chochote naye yuko mzima siku hiyo hiyo, lakini nani atasimulia habari za mtu ambaye hakunywa kitu? Homa ya zinki huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo dawa yoyote utakayoitumia itashinda, hata ukimpa maji ya moto na magadi.

Na kwa sababu tuko nyanda za juu za Kisii ambako malaria huzuka kwa vipindi, wengine humeza dawa za malaria bila kupimwa. Homa inaisha, wanasema malaria imeondoka. Wiki ijayo wanachomelea bomba lingine, "malaria" inarudi. Pima damu. Ikiwa ni malaria, tibu malaria. Ikiwa si malaria, mwambie daktari ulichomelea nini jana. Na pumzi ikikubana, au homa ikipita siku mbili, nenda hospitali haraka, maana hapo huenda si zinki tena.

Kuna jambo jingine linaloipa imani hii nguvu. Mwili huzoea zinki kwa muda mfupi, ukiivuta siku mfululizo homa hupungua, kisha mapumziko ya siku moja au mbili hufuta mazoea hayo. Ndiyo maana Ulaya na Marekani mafundi waliiita homa ya Jumatatu. Kwetu, wengi wakiwa wanatunza Sabato, wanaorejea kazini Jumapili huipata Jumapili. Kijana anaona kwamba katikati ya wiki, maziwa "yakishamwingia", haugui tena. Anaongeza pakiti. Anapunguza uangalifu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo: sina ugomvi na maziwa, ni chakula kizuri, lakini yanamfanya mtu aamini ameshajikinga na sasa anaweza kuinamia moshi.

Nikifika hapo hutokea msomi mmoja akanitolea mfano wa Urusi, ambako sheria ya kazi hutaja maziwa, nusu lita kwa zamu, kwa wanaofanya kazi zenye madhara. Ni kweli ipo. Sheria inaweza kugawa maziwa. Haiwezi kuyahamishia mapafuni. Tena homa ndiyo madhara madogo. Chuma na rodi zina manganisi, ambayo ikivutwa kwa miaka huathiri ubongo na mwendo wa mtu. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Haya hayana dalili za jioni, kwa hiyo hakuna atakayekumbuka kuyatafutia glasi.

Macho nayo yana maziwa yake. Fundi ametazama mwanga wa rodi bila kioo, au amevaa miwani ya jua ya kuuziwa barabarani, na baada ya saa sita, usiku wa manane, anahisi mchanga umejaa chini ya kope. Anatiwa maziwa, au vipande vya viazi, au majani ya chai yaliyopoa. Alichopata ni kuungua kwa ngozi ya juu ya jicho, na hupona kwa siku moja au mbili bila viazi. Maziwa mabichi kwenye jicho lenye kidonda huongeza tu vijidudu. Ziba mwanga, tumia kitambaa baridi kilicho safi, nenda kliniki ya macho. Na usiombe matone ya ganzi ya kwenda nayo nyumbani, kwani jicho lisilosikia maumivu huharibika zaidi.

Sasa yanayofaa, kwa haraka. Nunua bomba jeusi, lisilo na zinki. Hilo peke yake linaondoa nusu ya hadithi hii. Ukilazimika kutumia la zinki, ondoa zinki kwa grinda sentimita 5 kila upande wa kiungo, ndani na nje, ukiwa umevaa barakoa. Fanya kazi nje au mlangoni, upepo ukutokee ubavuni, kichwa kikae kando ya moshi. Leso haichuji chochote. Barakoa za N95 tulizozizoea wakati wa Korona ni afadhali. Ya mpira yenye machujio ya P100 ni bora, nayo haishiki juu ya ndevu. Kioo kiwe namba 10 au 11.

Kwenye pikipiki yenyewe: toa tangi la petroli ulipeleke mbali, na usidanganyike kwamba ni tupu, mvuke ndio unaolipuka. Fungua betri na kisanduku cha umeme. Kibanio cha waya wa arthi kikae karibu na kiungo, kwenye chuma kilichong'arishwa, umeme usipite kwenye beringi. Mafuta yaoshe kwa sabuni na maji, kisha kausha. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zikikutana na moto huo hutoa fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita Vikuu vya Kwanza. Bomba lililozibwa pande zote litoboe tundu dogo kwanza. Rodi ya 2.5, ile ya geji 12, aina ya 6013, anza na ampea 60 usonge polepole, ukizidisha utatoboa. Ufa utobolewe tundu dogo kila mwisho ili usiendelee, uchongwe mfereji, ndipo ujazwe, na ndani ya bomba pawe na kipande cha kulishikilia. Usimwagie kiungo maji ili kipoe. Usisage kiungo hadi kilale sawa na bomba ili kipendeze.

Kabla ya hayo yote kijana achomelee vipande vya bomba chakavu, avikate katikati kwa msumeno, atazame kama chuma kimeshika hadi ndani au kimepaka juu tu. Afanye hivyo hadi achoke, kisha atafute mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, aanzie daraja la tatu.

Na shingo ya pikipiki, pale mhimili wa usukani unapopita, mwanafunzi haigusi. Inabeba kila breki na kila shimo la barabara, na ndipo namba ya fremu ilipogongwa. Ukiikata au kuisaga utakuwa na fremu isiyolingana na kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri, na hilo utalieleza kwa polisi. Shingo ikiwa na ufa, mweleze mwenye pikipiki anunue fremu, yenye karatasi.