Mbio Zipi Zastahili Jasho?

Siku moja nilikuwa Nakuru, uwanja wa Afraha, nikitazama kandanda. Winga mmoja aliufukuzia mpira uliokwisha kupotea. Akashika paja, akabebwa. Jirani yangu akanena, “Angeuacha!”

Besiboli ya Marekani ina mashaka hayo hayo. Akishaupiga mpira, mchezaji hutimua mbio mita 27 hadi kituo cha kwanza, na hapo misuli ya paja huchanika mara nyingi. Akilegea, huzomewa.

Kwani Kipchoge Keino, mwana wa Bonde hili la Ufa, hakukimbia akiugua nyongo kule Mexico mwaka 1968, akatwaa dhahabu ya mita 1,500? Naam, lakini ile ilikuwa fainali ya Olimpiki. Mwili ni amana, ndugu msomaji. Tusiutoe kwa mpira uliokwisha kupotea.