Istilahi Katika Ufundi: Nyaya za Kidhibiti-Halijoto

Kazi ya istilahi si kupamba lugha, bali ni kumwezesha mtu atende kazi yake bila kukosea. Jambo hili huonekana wazi zaidi katika ufundi wa umeme, ambamo neno lenye utata laweza kuunguza kifaa, au hata kuua mtu. Makala hii inachunguza maneno manne ya kawaida, yaani joto, moto, kutoa na kufunga, kama yatumikavyo katika kutafuta kosa kwenye nyaya za kidhibiti-halijoto: kile kifaa kidogo chenye kioo cha namba, ambacho huwasha na kuzima hita au jokofu.

Tuchukue mfano wa Karatu na Ngorongoro. Mji wa Karatu uko kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupita mita 2,200. Usiku wa huko una baridi, hasa miezi ya Juni na Julai. Mfugaji atotoleshaye vifaranga kwa mashine yenye feni hana budi kuyaweka mayai katika nyuzi 37.5 hivi za sentigredi kwa siku 21, na baridi ya nje haimsubiri fundi. Aidha, eneo hili lina Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga na Wahadzabe, kwa hiyo fundi na mteja wake aghalabu hukutana katika Kiswahili. Kiswahili hicho kikiwa na utata, hasara ni ya wote wawili.

Joto. Wanasayansi hutofautisha joto, ambalo ni nishati, na halijoto, ambayo ni kiasi kisomwacho kwenye kipimajoto. Kidhibiti hakitoi joto; hupima halijoto kwa njia ya kihisi, kisha huamuru hita iwake au izime. Mteja asemapo "joto limekosekana", fundi hajui kama kihisi kinasoma vibaya au hita haiwaki. Hayo ni makosa mawili, na kila moja lina waya wake.

Moto. Mafundi huita waya uletao umeme "waya wa moto", ule urudishao "nyutro", na ule wa usalama "ethi". Jina la kwanza limeenea na halina haja ya kubadilishwa, mradi lisichanganywe na waya uendao kwenye hita. Jambo lisilofaa ni kuziita nyaya kwa rangi zake. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi. Katika vifaa vingi vya siku hizi waya wa moto ni wa kahawia na nyutro ni ya buluu. Rangi hubadilika, kazi ya waya haibadiliki.

Kutoa. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Matundu mawili ya kidhibiti yaliyoandikiwa hita huitwa na wengi "matundu ya kutoa umeme". Katika vidhibiti vingi vya aina hii hayatoi umeme wowote: ni ncha mbili za swichi iliyomo ndani, yaani rilei. Fundi aliyeamini jina hilo hufunga hita kwenye matundu hayo, akangoja, na hita isiwake. Mwingine huunganisha waya wa moto kwenye tundu moja na nyutro kwenye la pili. Rilei inaponasa, hutokea shoti. Inavyotakiwa, waya wa moto uingie tundu la kwanza, utoke tundu la pili kwenda kwenye hita, na nyutro iende kwenye hita moja kwa moja. Twapendekeza matundu haya yaitwe "matundu ya swichi".

Kufunga. Katika lugha ya kila siku, anayefunga bomba huzuia maji, na anayefungua redio huiwasha. Katika sayansi ya umeme ni kinyume: saketi ikifungwa ndipo umeme hupita. Tena "kufunga waya" ni kuukaza kwa skrubu. Sentensi "swichi imefunga" basi yaweza kueleweka kwa namna mbili zinazopingana. Ni heri kusema swichi "imeunganisha" au "imetenganisha".

Kwa kutumia maneno hayo, kosa laweza kutafutwa kwa utaratibu ufuatao. Kabla ya kugusa nyaya, plagi ichomolewe.

(a) Kioo hakiwaki: tazama plagi, fyuzi na matundu ya kuingizia umeme. Hakikisha pia volti zilizoandikwa, kwani kidhibiti cha volti 12 kikipewa 230 huungua.

(b) Kioo chaonyesha herufi za kosa badala ya namba: aghalabu waya wa kihisi umekatika au una shoti. Kitoe kihisi, upime ukinzani wake. Vingi huwa na omu 10,000 katika nyuzi 25, na ukinzani hushuka kihisi kikipashwa joto kwa kiganja.

(c) Namba ni sahihi na taa ya kupasha joto inawaka, ila hita haiwaki: tazama matundu ya swichi. Huenda waya wa moto haukuletwa, au hita yenyewe imekatika.

(d) Jokofu linachelewa kuwaka: yawezekana hakuna kosa. Vidhibiti vingi hungoja dakika chache kusudi kompresa isiharibike.

Maneno haya yote tayari yamo vinywani mwa watu. Kilichobaki ni kulipa kila moja kazi yake, na kuyaandika hivyo katika vitabu vya mafunzo na karatasi za maelezo ya vifaa. Wasomaji walio mafundi wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika karakana zao, kwani istilahi isiyomfaa fundi kazini haitadumu hata ikiwa imesanifiwa.