Amini za Namna Tatu: Jaribio la Hinsberg na Tatizo la Majina

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanakemia wanavyozipambanua amini za namna tatu, na kuonyesha kwamba istilahi isiyochaguliwa vyema yaweza kumpotosha mwanafunzi hata kabla hajaigusa neli ya majaribio.

Tuanzie jikoni. Mpishi wa Ikonge, katika milima ya chai ya Nyamira, akinunua samaki aliyepandishwa kutoka Ziwa Viktoria, humkamulia limau ili kuondoa shombo. Shombo hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na amini, yaani jamaa za amonia. Amini ni besi. Asidi ya limau huzigeuza kuwa chumvi, nayo chumvi hairuki hewani, basi pua haiinusi tena. Hili ni jaribio la kemia, ijapokuwa mpishi haliiti hivyo. Hata hivyo, limau hutwambia tu kwamba amini ipo. Haitwambii ni ya namna gani.

Naitrojeni ya amonia ina mikono mitatu, na kila mkono umeshika haidrojeni. Haidrojeni moja ikitoka na kaboni ikashika mahali pake, hupatikana amini ya kwanza. Zikitoka mbili, ya pili. Zikitoka zote tatu, ya tatu. Trimethilamini, ambayo humpa samaki wa bahari aliyekaa harufu yake, ni amini ya tatu.

Mwaka 1890 Mjerumani Oscar Hinsberg alieleza njia ya kuzitenga. Amini hutikiswa pamoja na kloridi ya benzinisulfonili na alkali nyingi. Amini ya kwanza huungana nayo na kubakiwa na haidrojeni moja juu ya naitrojeni. Alkali huinyang'anya haidrojeni hiyo, na zao lake huyeyuka. Asidi ikitiwa baadaye, mashapo hutokea. Amini ya pili nayo huungana, lakini haibakiwi na haidrojeni ya kunyang'anywa. Kwa hiyo mashapo hutokea mapema, ndani ya alkali yenyewe. Amini ya tatu haina haidrojeni ya kutoa, nayo kwa kawaida hubaki kama mafuta yaliyojitenga, hata asidi itakapoyayeyusha.

Hapa pana mtego. Trimethilamini huyeyuka vizuri katika maji. Hivyo kimiminiko huwa safi tangu mwanzo, kana kwamba ni amini ya kwanza. Mwanafunzi anayeishia hatua ya alkali atakosea. Ni asidi itakayotoa hukumu: mashapo yasipotokea, hiyo si amini ya kwanza.

Liko pia jaribio la asidi ya nitrasi, ambalo kwa amini za pili hutoa mafuta ya manjano yaitwayo nitrosamini. Mwaka 1956 Magee na Barnes, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba nitrosamini ya dimethili huwaletea panya uvimbe wa saratani katika ini. Jaribio hilo, basi, halifai kuchezewa darasani.

Sasa tuyatazame majina. Neno "amini" lafanana na kitenzi cha imani, lakini upatanisho wa kisarufi huondoa utata: "amini hii imeyeyuka" haiwezi kudhaniwa kuwa amri. Tatizo kubwa limo katika "ya kwanza", "ya pili" na "ya tatu". Maneno haya hayasemi kinachohesabiwa. Katika alkoholi tunahesabu kaboni zilizoshikana na ile kaboni yenye kundi la haidroksili. Katika amini tunahesabu kaboni zilizoshikwa na naitrojeni yenyewe. Kwa hiyo kaboni iliyozungukwa na kaboni tatu, ikipewa haidroksili, huwa alkoholi ya tatu. Ikipewa naitrojeni yenye haidrojeni mbili, huwa amini ya kwanza! Mwanafunzi aliyekariri namba pasipo maana atatazamia kimya cha amini ya tatu, kumbe mashapo yanamngoja.

Kwa maoni yetu, yafaa tuseme "amini ya mkono mmoja", "ya mikono miwili" na "ya mikono mitatu", tukikusudia mikono ya naitrojeni iliyoshika kaboni. Jina la namna hiyo hubeba maelezo yake. Anayelielewa aweza kutabiri jaribio la Hinsberg pasipo kulikariri: ahesabu tu mikono iliyobaki na haidrojeni. Istilahi inayomsaidia mwanafunzi kufikiri ina thamani kuliko ile inayomdai kumbukumbu tu.