Sala ya Mfiwa

Mkristo akifiwa, wageni hawakawii kumwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, naye huitikia kwa adabu ilhali moyo wake umekataa. Faraja ya namna hiyo, ijapokuwa chimbuko lake ni nia njema, humhimiza mtu afike upesi mahali ambapo Maandiko yenyewe hayakumhimiza. Kwa maana sala ya msiba, kama ilivyohifadhiwa katika Zaburi, aghalabu huanza kwa shutuma, na ridhaa, ikija, huja baadaye.

Katika Zaburi 150, zile za maombolezo ndizo nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Nyingi zao hufuata njia moja: mwombaji humwita Mungu, akamsimulia dhiki yake, akamwuliza itakoma lini, akaomba, kisha mwishoni akageukia sifa. Lakini Zaburi ya 88 haigeuki. Mwenye kuisema analia usiku na mchana, anamlaumu Mungu kwa kumtenga na rafiki zake, na neno lake la mwisho ni giza. Waliokikusanya kitabu hicho wangaliweza kuiacha, wala hawakuiacha. Hali kadhalika Maombolezo, yaliyotungwa kwa ajili ya Yerusalemu iliyobomolewa na jeshi la Babeli, ni tungo tano, na nne miongoni mwake zimefuata mpango wa herufi 22 za Kiebrania, hata kilio kisicho na kiasi kikapewa mipaka ya kukisitiri.

Na Yesu mwenyewe, asimuliavyo Yohana, alilia penye kaburi la Lazaro ilhali alijua atakalolitenda. Gethsemane akaomba kikombe kimwepuke. Na msalabani akayashika maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22, ambamo mteswa anamwuliza Mungu sababu ya kumwacha.

Pwani yetu ina kisa chake. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai homa iliwashika wote wawili. Rosine akafariki siku chache baada ya kujifungua binti, na mtoto naye akamfuata mamaye. Krapf ameandika kwamba mkewe, katika saa zake za mwisho, aliwaombea jamaa zake, misheni, nchi hizi za Afrika Mashariki, na hata Sultani wa Unguja. Akazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, kama alivyotaka. Barua ya Krapf kwa wakuu wake, inayolifanya kaburi hilo kuwa dalili ya kazi iliyoanza, imekwisha nukuliwa na wahubiri mara nyingi mno, na kwa bahati mbaya wengi wao hufanya kana kwamba mwandishi wake hakuwa mgonjwa taabani, mjane, na baba aliyempoteza mtoto.

Lakini msiba waweza kumnyang'anya mtu hata maneno, na hapo ndipo ionekanapo faida ya sala zilizokwisha tungwa, ambazo watu wenye haraka huziita kavu. Katika jumuiya za Kikatoliki majirani huja na rozari, wakamsalia marehemu na wafiwa wake. Walutheri wengi hawamwombei aliyekufa, lakini humwombea mjane na mayatima kwa sauti, naye mwenye msiba akasema amina tu, au asiseme. Tofauti hiyo ya itikadi si ndogo, bali kwa mtu aliyeketi mkekani asiyeweza kufumbua kinywa, matokeo yanakaribiana sana: wengine wanasali mahali pake.

Zaburi ya 23 husomwa karibu katika kila maziko, nami siipingi. Ila mzee wa kanisa akitakiwa na mfiwa asome ile ya 88, na aisome mpaka neno lake la mwisho, asiibandike aya ya furaha kutoka kwingine.